Kikadi Juu ya Glasi

Leo hatuingii maabara, wala hatuchori moyo na mishipa yake. Leo tunakwenda baa. Usishtuke, na wala usifiche gazeti chini ya dawati mwalimu akipita. Tunakwenda baa kujifunza jambo moja ambalo watu wengi, hata wazee wenye mvi, linawashinda: kusema "imetosha" bila kugombana na mtu.

Baa yenyewe haiko mtaani kwenu. Iko Köln, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Rhein, wenye wakazi zaidi ya milioni moja. Kwenye ramani nyingi utaukuta umeandikwa Cologne. Kama babu au bibi yako alikuwa mtu wa redio, muulize, huenda analijua jina hilo. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza mwaka 1963, na kwa miaka mingi matangazo yake yalitoka Köln, mpaka shirika lilipohamia mji wa jirani wa Bonn mwaka 2003. Kwa hiyo Kiswahili si kigeni kabisa katika mji huo.

Kwa nini Köln na si mji mwingine? Kwa sababu Köln ina desturi ya ajabu. Ukimaliza glasi yako ya bia, inakuja nyingine bila wewe kuagiza. Ukimaliza hiyo, inakuja nyingine. Na itaendelea hivyo hivyo mpaka wewe mwenyewe ufanye kitu fulani. Kitu gani? Twende taratibu.

KARIBU MEZANI

Tuseme hivi. Una miaka 19. Umemaliza kidato cha sita, umepata nafasi ya kusoma Ujerumani, na hii ni wiki yako ya tatu tu mjini. Wenzako wanne wa darasa la Kijerumani wanakwambia, "Leo jioni tunakwenda kuonja Kölsch. Twende." Kesho saa 3 asubuhi mna mtihani wa lugha, na usipoufaulu chuo hakikupokei. Lakini pia umechoka kukaa chumbani peke yako. Upweke wa ugenini nao unauma, tena hauna dawa dukani. Unavaa koti, unatoka.

Ukishuka kituo kikuu cha treni, mbele yako lipo kanisa kuu la Köln. Lilianza kujengwa mwaka 1248 na likamalizika mwaka 1880, na minara yake ina urefu wa mita 157. Mkitembea dakika chache mnaingia mji wa kale, na huko ndiko ziliko nyumba zinazoitwa Brauhaus, yaani nyumba za kupikia bia. Nyingine ni za zamani kweli: Malzmühle ni ya mwaka 1858, Päffgen ya mwaka 1883, na Früh ya mwaka 1904.

Ndani kuna meza ndefu za mbao na mabenchi. Mtu usiyemjua anasogea, anakupisha, unakaa. Utaona wazee, wanafunzi, mafundi waliotoka kazini, na hata familia zenye watoto wanaokula chakula cha jioni. Kelele za maongezi ni nyingi, na muziki mara nyingi hakuna. Watu wamekuja kuongea. Hilo likumbuke, maana tutalirudia.

Kinywaji cha hapo ni Kölsch, bia nyepesi ya rangi ya dhahabu. Wenyeji wanaionea wivu sana. Mwaka 1986 watengenezaji 24 walitia saini mkataba kwamba jina hilo ni la bia ya Köln na viunga vyake tu, na mwaka 1997 Umoja wa Ulaya nao ukalilinda. Lahaja ya mji huo pia inaitwa Kölsch. Ndiyo maana watu wa pale hujisifu kwamba lugha yao ndiyo pekee duniani inayonyweka.

KÖBES NA PENSELI YAKE

Mhudumu wa Brauhaus anaitwa Köbes. Ni jina la Yakobo kwa lahaja ya pale. Kwa desturi huvaa nguo za bluu na aproni ndefu, na mkononi hubeba sinia la mviringo lenye mpini katikati na matundu ya kukalia glasi. Sinia hilo wanaliita Kranz, maana yake shada. Limejaa glasi nyembamba, ndefu kama mshumaa, kila moja ikiingia robo lita kasoro kidogo: mililita 200 tu.

Köbes hasubiri umwite. Anapita, anaona glasi yako imebaki tone, anaichukua, anakuwekea nyingine. Halafu anachomoa penseli na kuchora mstari kwenye kikadi kilicho chini ya glasi. Kikadi hicho cha mviringo au cha pembe nne ndiyo risiti yako. Mistari mitano ni glasi tano. Mwisho wa jioni anahesabu mistari, unalipa, mnaagana.

Sasa, utamzuiaje? Ukisema "nein, danke" kwa sauti ya upole katikati ya zile kelele, huenda asikusikie. Ukiacha glasi tupu mezani, kwake maana yake ni moja tu: una kiu. Dawa yake ni hii. Unachukua kikadi, unakiweka juu ya glasi. Basi. Köbes akipita akakiona, hakuongezei. Haulizi kwa nini, hanuni, wala wenzako hawasemi "ah, kaka, umeshindwa?" Ni kama mgeni anayefunika kikombe cha chai kwa kiganja mama mwenye nyumba anapokuja na birika. Kila mtu ameelewa.

Angalia vizuri mpangilio huo. Mkono wa kuleta ni wa Köbes, lakini mkono wa kusimamisha ni wako. Usipofanya chochote, umekubali. Wengi tunadhani kulewa ni uamuzi: mtu alikaa, akafikiri, akaamua kulewa. Hapana. Mara nyingi mtu hulewa kwa sababu hakuamua kitu. Glasi zilikuwa zinakuja tu.

HESABU YA GLASI NDOGO

Toa kalamu na karatasi. Hii ni hesabu ya kidato cha kwanza.

Kölsch huwa na alkoholi ya karibu asilimia 4.8. Glasi ni mililita 200. Kwa hiyo:

200 × 4.8 ÷ 100 = mililita 9.6 za alkoholi tupu.

Mililita moja ya alkoholi ina uzito wa karibu gramu 0.8. Hivyo glasi moja ina gramu 7.7 hivi.

"Kumbe ndogo!" utasema. Ndiyo, moja ni ndogo. Lakini ndogo hizo zinanyweka haraka, na hakuna anayeshtuka ukinywa kumi. Glasi kumi ni lita mbili, sawa na chupa kubwa nne za nusu lita. Ungeziona chupa nne zimepangwa mbele yako, ungejiuliza maswali. Glasi kumi huzioni, maana kila moja ikiisha inaondolewa. Kinachobaki ni mistari ya penseli.

Tuendelee. Glasi kumi ni gramu 77. Kazi ya kuondoa alkoholi mwilini hufanywa na ini, na ini halina haraka. Kwa mtu mzima wa kilo 70, kwa makadirio, huondoa gramu 7 hivi kwa saa. Wengine huondoa zaidi, wengine pungufu. Gawanya mwenyewe: 77 kwa 7 ni saa 11.

Ukianza kunywa saa 2 usiku na kuacha saa 6, ini lako litamaliza kazi saa 1 asubuhi, na hapo ni kama mambo yamekwenda vizuri. Usiku wote hukulala usingizi wa maana, kwa sababu alkoholi huuvuruga. Umeamka kichwa kinagonga, kinywa kimekauka. Na mtihani ni saa 3.

Vipi kahawa kali? Vipi kuoga maji ya baridi, au kutembea kwenye upepo wa mto? Vinakuchangamsha kidogo, lakini haviliharakishi ini hata dakika moja. Utakuwa tu mlevi aliyeamka.

Kwa wasichana hesabu inabadilika. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanamume, kwa hiyo kiasi kile kile cha pombe huwa kikali zaidi ndani ya damu yake. Kushindana na wavulana glasi kwa glasi si usawa. Ni hesabu mbaya.

JE, WAJUA?

Mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vya alkoholi katika kundi la vitu ambavyo bila shaka husababisha saratani kwa binadamu. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Jingine: sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayokusaidia kupima hatari na kujizuia, huendelea kukomaa mpaka miaka 25 hivi. Pombe huigusa sehemu hiyo hiyo kwanza. Ndiyo maana kijana akinywa, breki zinakatika mapema.

UTANI WA MAJI NA SABUNI

Sasa turudi mezani. Umepiga hesabu kichwani, umekumbuka mtihani, unaamua kuagiza maji. Köbes anakutazama juu mpaka chini, anauliza kwa sauti kubwa, "Maji? Nikuletee na sabuni na taulo?"

Meza nzima inacheka. Wewe uso unawaka moto.

Tulia. Huo ni utani wa zamani wa pale, na mgeni yeyote anaweza kuupata. Köbes ni maarufu kwa ulimi. Ni kama mtani wako wa kabila jingine anapokuja msibani na kukutania mbele za watu: ukikasirika umeharibu wewe. Ukijibu, umepata rafiki. Mwambie, "Lete, na mgongo utanisugua wewe." Atacheka, na maji utaletewa.

Watu wa Köln wana watani wao wakubwa, nao ni watu wa Düsseldorf, mji ulio umbali wa kilomita 40 hivi. Huko wanakunywa bia nyeusi kidogo inayoitwa Alt. Ukiingia Brauhaus ya Köln ukaagiza Alt, utasikia maneno. Ni Simba na Yanga kabisa. Kwa hiyo ujue: kwenye baa hizi kutaniwa ni sehemu ya kukaribishwa. Wanaotaniwa si wanaokunywa maji peke yao.

Lakini kuna tofauti kati ya utani na shinikizo. Mtani anacheka, kisha anakuacha. Anayekushinikiza anarudi: "Moja tu. Moja kwa ajili yangu. We vipi, mtoto?" Ukiona mtu amerudi mara ya tatu, huyo hakutanii tena. Huyo anataka asiwe peke yake katika ulevi wake. Huna deni naye.

Na kunywa kisicho pombe si ajabu huko kama unavyodhani. Sheria ya Ujerumani ya mabaa inamtaka mwenye baa awe na angalau kinywaji kimoja kisicho na alkoholi ambacho bei yake haizidi ile ya kinywaji cha pombe cha bei ya chini kabisa. Watunga sheria waliona mbali: kijana asinywe bia kwa sababu tu juisi ni ghali. Agiza Apfelschorle, yaani juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji yenye gesi. Kila mtu anaijua. Wakati wa kugonganisha glasi na kusema "Prost!", gonga na ya kwako, mtazame mwenzako machoni kama desturi inavyotaka, na umemaliza.

Angalizo kwa wasiotumia kileo kabisa, kwa dini au kwa uamuzi wao: bia inayoitwa "alkoholfrei" Ujerumani inaweza kuwa na alkoholi hadi asilimia 0.5. Kama hutaki hata tone, kaa na juisi.

JOGOO ASIYE NA MANYOYA

Usinywe kwa tumbo tupu. Chakula huchelewesha alkoholi kufika kwenye utumbo mwembamba, ambako ndiko huingia kwa kasi kwenye damu. Hakiiondoi, kinaichelewesha tu, lakini hiyo nayo ni nafuu. Tena chakula kinakupa kazi ya mikono na mdomo zaidi ya kuinua glasi.

Ila soma orodha kwa makini. Pana kitu kinaitwa "Halver Hahn", maana yake nusu jogoo. Wageni wengi huagiza wakisubiri kuku wa kukaanga. Kinacholetwa ni mkate mdogo mweusi, kipande kinene cha jibini, haradali na kitunguu. Jogoo hayupo! Wenyeji wanafurahi sana kuona sura ya mgeni wakati huo. Kuna pia "Himmel un Ääd", mbingu na ardhi: matufaha yaliyotoka juu mtini na viazi vilivyotoka chini udongoni. Hicho huandamana na soseji ya damu ya nguruwe, kwa hiyo kama huli nguruwe, uliza kabla.

Umeona? Umekaa saa mbili, umecheka, umekula, umejifunza maneno kumi ya Kijerumani ambayo hayamo kitabuni, na mzee aliye jirani ameshakueleza habari za timu yake ya mpira. Hayo ndiyo yanayowaleta watu wa Köln mezani. Bia imo, lakini ukiondoa maongezi hakuna atakayekaa pale.

SHERIA INASEMAJE?

Ujerumani kijana anaweza kuuziwa bia na mvinyo akiwa na miaka 16. Pombe kali ni miaka 18. Usikimbilie kusema "wenzetu wana raha". Sheria inaruhusu muuzaji auze. Haibadilishi ini lako wala ubongo wako. Tanzania na Kenya umri ni miaka 18, kwa kila aina ya pombe.

Kwenye usukani Wajerumani hawana mchezo. Dereva aliye chini ya miaka 21, au aliye katika miaka yake miwili ya kwanza ya leseni, kiwango chake ni sifuri. Si glasi moja, ni sifuri. Sheria hiyo ipo tangu mwaka 2007. Skuta za umeme zinazokodishwa mitaani nazo zinahesabiwa kuwa chombo cha moto. Vijana wengi wamenaswa hapo, wakidhani ni mchezo wa watoto. Hata baiskeli ukiiendesha umelewa sana ni kosa la jinai. Panda tramu.

SIKU YA KUMI NA MOJA YA KUMI NA MOJA

Msimu wa karnevali wa Köln hufunguliwa tarehe 11 Novemba, saa 5 na dakika 11 asubuhi. Kilele chake huja kabla ya Kwaresima. Mji mzima huvaa mavazi ya kuchekesha, watu huimba nyimbo za lahaja yao wakiwa wameshikana mabega, na wageni hupokelewa kama ndugu. Ni sherehe nzuri. Lakini pia ni siku ambazo vijana huanza kunywa asubuhi, wamesimama barabarani, bila Köbes, bila kikadi, bila mistari. Hakuna anayehesabu.

Na ni majira ya baridi. Pombe hutanua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi. Unajisikia moto, kumbe joto linakutoka. Mtu aliyelewa akilala nje usiku wa baridi anaweza asiamke. Mto Rhein nao uko hatua chache kutoka mji wa kale, una mkondo mkali na meli kubwa. Mlevi hana kazi ukingoni pale.

Wasichana, na wavulana pia: glasi uliyoiacha mezani ukaenda chooni, usiirudie. Nendeni pamoja, rudini pamoja. Katika mabaa mengi ya Ujerumani upo msaada wa siri ulioanzia mji wa Münster mwaka 2016. Msichana anayesumbuliwa humwendea mhudumu na kuuliza, "Ist Luisa hier?", yaani "Luisa yupo?" Wahudumu wa mabaa yaliyo kwenye mpango huo wanajua maana yake: nisaidie kutoka hapa.

MWENZAKO AKIZIDIWA

Saa 5 usiku. Mmoja wa wale wanne ana mistari kumi na minne kwenye kikadi chake. Amelaza kichwa mezani. Wengine wanacheka, mmoja anampiga picha. Mwingine anasema, "Mwache alale, atakuwa sawa."

Hapa ndipo unapotakiwa kujua, maana kukosea kunaua. Mtu aliyezidiwa na pombe anaweza kutapika akiwa hana fahamu, na matapishi yakaziba njia ya hewa. Kiwango cha alkoholi kwenye damu kinaweza kuendelea kupanda hata baada ya kuacha kunywa, kwa sababu iliyo tumboni bado inaingia. Anayeonekana "amelala" anaweza kuwa anazama.

Fanya hivi:

1. Mwite jina, mtikise bega. Akijibu, mketishe, mpe maji kidogo kidogo, usimwache peke yake.

2. Asipoamka lakini anapumua, mlaze ubavu, kichwa kimeinamishwa nyuma kidogo na mdomo ukielekea chini, ili akitapika yatoke nje.

3. Mfunike apate joto. Usimpe kahawa, usimtapishe kwa nguvu, usimwogeshe.

4. Kama haamki, anapumua polepole au kwa kukatakata, midomo imebadilika rangi, au amekuwa wa baridi, piga simu ya dharura. Ujerumani na nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112. Haina malipo. Ukiwa kwenu, namba ya dharura ya nchi yako ijue leo, si siku ya tukio.

5. Usiogope kwamba atakasirika au kwamba wazazi watajua. Mtu mwenye hasira kesho yake ni mtu aliye hai.

NA WEWE ULIYE HAPA NYUMBANI

Huenda Köln hutafika. Lakini meza yenye watu wanaokwambia "kunywa bwana" utaikuta, kwenye harusi, kwenye mahafali, kijiweni. Hapo hakuna penseli wala kikadi. Kuna ofa. Mjomba amepata hela, anasema "mpe huyu kijana moja baridi", na kukataa ofa ya mkubwa kunaonekana dharau. Au mna zamu: huyu ananunua, kisha yule, na zamu yako haijafika, utaondokaje? Köln mtu hulipa mistari yake mwenyewe. Kwenye zamu unakunywa mistari ya wenzako.

Basi tengeneza kikadi chako. Kama hujafika miaka 18, namba yako ni sifuri, huna haja ya kuihesabu. Kama umefika na umeamua kunywa, panga namba kabla ya kutoka nyumbani, maana baada ya glasi ya pili anayepanga si wewe. Kisha tafuta alama ambayo watu wataielewa bila kelele. Shika soda mkononi muda wote, mwenye soda haulizwi. Kwa mjomba, mjibu kwa heshima: "Shikamoo mjomba, asante sana, nipatie maji ya baridi, kesho nina mtihani." Umepokea ofa yake, umekataa pombe tu. Kwa wenzako, sema mara moja, cheka, badilisha maongezi. Usijieleze sana. Anayejieleza sana anafungua mlango wa kubishaniwa.

Na ukiwa wewe ndiye unayenunua, uwe Köbes mwema. Mtanie mwenzako kuhusu sabuni na taulo ukitaka. Lakini ukiona amefunika glasi, pita.

ZOEZI: JADILIANENI DARASANI

1. Glasi sita za Kölsch zina gramu ngapi za alkoholi? Ini la mtu mzima wa kilo 70 litahitaji saa ngapi? (Tumia namba zilizo kwenye makala.)

2. Katika mila za kwenu, mtu hukataaje kinywaji bila kumvunjia heshima mwenyeji? Waulize wazee, mje na mfano mmoja.

3. Igizeni wawili wawili: mmoja ni mjomba mwenye ofa, mwingine ni kijana mwenye mtihani kesho. Badilishaneni nafasi. Nani alipata jibu zuri zaidi?

4. Rudi kwenye ile meza ya Köln. Ni saa 3 usiku, kikadi chako kina mistari miwili, Köbes anakuja na sinia. Mtihani ni asubuhi. Andika mistari mitano: unafanya nini, na mwenzako aliye kando yako, mwenye mistari saba, unamwambia nini?